Biashara ya nyumbani: nani analipia jiko?

Akina mama ninaowafundisha hesabu za biashara, Unguja na Pemba, huniuliza: "Mwalimu, nikianza na mikate hapa hapa nyumbani, si nitaokoa kodi ya fremu?" Utaiokoa. Ila mwenye fremu hudai kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo gharama yake unaijua. Nyumba haidai. Gharama inajificha kwenye mtungi wa gesi wa chakula cha mchana, kwenye umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, alionunua baba watoto, kwenye sukari ya chai.

Tuchukue mkate wa kumimina. Bei hizi ni za mfano tu, weka za soko lako. Tuseme mchele, nazi, sukari, hamira na iliki za mikate 4 zimekutoka shilingi 9,000. Unauza kila mmoja 4,000, unashika 16,000. Wengi hesabu yao inaishia hapo: faida 7,000. Toa gesi na umeme 2,000, vifungashio 500, boda ya kumpelekea mteja 1,500. Zimebaki 3,000. Kuosha na kuroweka mchele, kukuna nazi, kusaga, kuchunga mkate usiungue: weka saa 3 za kazi, na hapo nimekupunja. Umejilipa 1,000 kwa saa. Akija shangazi akakatiwa mkate mmoja, ile 3,000 imekwisha na una hasara ya 1,000. Sisemi shangazi anyimwe, hasha! Mkate wake uandikwe, na ulipiwe na pesa ya matumizi ya nyumba.

Hesabu hii haikwambii uache. Inakwambia mikate 4 ni michache. Ukioka 12 kwa mpigo, muda hauongezeki mara tatu, na boda ni ile ile ikiwa yote inakwenda duka moja. Basi kabla ya kununua hata kilo ya mchele, jiulize jiko lako linaoka mingapi kwa mara moja, na nani ataichukua yote siku hiyo hiyo.

Hapo kwenye "nani" ndipo biashara nyingi zinapofia. Wateja wa mwanzo huwa majirani na jamaa, na neno lao ni "niandikie". Duka unaweza kulifunga saa 2 usiku. Nyumbani mtoto wa jirani atabisha hodi mpaka umfungulie. Mimi napenda anayeanza awe na mnunuzi mmoja asiyekuwa na udugu naye: duka la mtaa wa pili, mkahawa wa skuli, ofisi.

Na usijipime kwa Ramadhani. Mwezi ule kila kitu kinauzika, kaimati, sambusa, hata mkate ulioungua pembeni. Jipime mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, watu wamekwisha kutumia pesa za sikukuu na bado hawajaanza kununua vitu vya Idi ya kuchinja. Anayetegemea hoteli za mashamba, yaani za nje ya mji, naye ajipime Aprili na Mei, masika yanaponyesha na wageni kupungua.

Wa barafu na juisi wana hesabu yao nyingine. Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, Disemba 2009 hadi Machi 2010, laini ya baharini kutoka Bara ilipoharibika. Siku hizi kukatika ni kwa saa, lakini friji iliyojaa haihitaji miezi mitatu kukutia hasara. Usikope kununua friji ya pili kabla ya kwanza haijajilipa.

Vibali ni hatua ya kawaida, visikutishe: jina la biashara husajiliwa BPRA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar), kodi za Zanzibar ni ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), na chakula cha kuuza kinasimamiwa na ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar). Ukitaka kuuzia hoteli, tegemea kuulizwa karatasi hizo.

Kwa mshonaji anayeuliza kama aanzie nyumbani, jibu langu huwa jepesi zaidi. Kitambaa analeta mteja, nusu ya ujira inalipwa kabla, na nguo isiyochukuliwa leo haichachi. Kinachonipa wasiwasi ni mahali pa kupimia, maana mteja mwanamke hatavua buibui kwenye ukumbi anaoingia kila mwanamme wa nyumba. Kama kuna chumba cha uwani chenye mlango wake, aanze.