Picha zinazosukwa kama mkeka: namna ya kuzitazama kazi za Dinh Q. Lê

Ukiisogelea sana picha iliyotengenezwa na msanii Dinh Q. Lê humwoni mtu. Unaona vipande tu: ukanda mwekundu, ukanda mweusi, nusu ya jicho, kitu kinachofanana na mkono. Rudi nyuma hatua tano au sita, uso unaanza kujikusanya. Sogea tena, unapotea. Wengi hudhani ni ufundi wa kompyuta. Hapana. Ni karatasi ya picha iliyokatwakatwa ikasukwa, na usukaji huo Lê alijifunza utotoni kwa shangazi yake, aliyekuwa akisuka mikeka ya nyasi huko Vietnam.

Kwa hiyo msomaji aliyewahi kumtazama bibi yake akisuka ukili ana pa kuanzia. Lê alichukua picha mbili, akazisafisha kwa ukubwa, kisha akazikata zote kuwa kanda ndefu nyembamba kama chane za ukindu. Kanda za picha ya kwanza alizilaza wima, ndizo mtande wake. Za pili alizipitisha kwa upana, juu, chini, juu, chini. Ukanda unaopita juu ndio unaoonekana, ulio chini umefichwa lakini upo. Na hapa ndipo penye uamuzi wa msanii: akiruka kanda mbili tatu badala ya mmoja, uso fulani unajitokeza mbele, akibana, unazama. Pindo lilishikwa kwa utepe wa kitani.

Ufundi huu peke yake ungekuwa pambo la ukutani. Uzito wake unatokana na picha alizozikutanisha.

Lê alizaliwa mwaka 1968 Hà Tiên, mji wa Vietnam ulio mpakani na Kambodia. Mwaka 1978 wapiganaji wa Khmer Rouge, kundi la kikomunisti lililoitawala Kambodia wakati huo, walipokuwa wakiushambulia mpaka huo, familia yake ilikimbia, ikapitia Thailand na hatimaye kufika Marekani. Chuoni California alisoma somo la vita vya Vietnam, akakuta waliokuwa wakionewa huruma ni askari wa Kimarekani, huku Wavietnam wakiwa kama miti ya nyuma ya jukwaa. Katika mfululizo aliouita Kutoka Vietnam hadi Hollywood, ulioonyeshwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2003, akazisuka pamoja picha nyeusi na nyeupe za waandishi wa habari wa wakati wa vita na picha za rangi za filamu za Hollywood kuhusu vita hivyohivyo. Ukitazama huwezi kuzitenganisha. Nadhani hiyo ndiyo hoja yake: anayeikumbuka vita ile leo, hata yule aliyekuwepo, anaikumbuka ikiwa imeshachanganyika na sinema.

Kabla ya hapo alikuwa ameisuka Kambodia. Mjini Phnom Penh kuna shule iliyogeuzwa gereza, Tuol Sleng, ambako Khmer Rouge waliwapiga picha wafungwa wao kabla ya kuwaua. Lê alizisuka nyuso hizo na michongo ya mawe ya mahekalu ya kale ya Angkor, fahari ya taifa hilohilo. Kwangu hizi ndizo kazi zake ngumu kuliko zote. Jiwe na ngozi ya mtu vinakuwa rangi moja.

Miaka ya tisini alirudi kuishi Vietnam. Familia ilipokimbia iliacha picha zake zote, basi akawa anazunguka maduka ya vitu vikuukuu ya Ho Chi Minh City akiitafuta picha ya nyumbani kwao. Hakuipata. Alichopata ni maelfu ya picha za watu asiowajua: arusi, watoto, wanafunzi. Akazinunua. Mwaka 2014, mjini Houston, Marekani, aliziunganisha kwa uzi zikawa maumbo makubwa yaning'iniayo kama vyandarua vya kitandani.

Mwaka 2007, pamoja na wasanii wenzake, alianzisha Sàn Art, mahali pa wasanii vijana wa Ho Chi Minh City kuonyesha kazi na kubishana. Alifariki Aprili 2024.

Nimeacha kwa makusudi kazi moja isiyosukwa, kwa sababu inavunja kanuni ambayo sisi watu wa makumbusho tunaihubiri kila siku: usiguse. Lê alisikia habari za wanawake wa Kikambodia, wakimbizi huko Long Beach, California, ambao madaktari waliwakuta macho mazima lakini hawaoni, baada ya yale waliyoyashuhudia. Akachukua vitambaa vyeupe, na juu yake sura za wafungwa wa Tuol Sleng zikadariziwa kwa uzi mweupe. Kwa mbali ni kitambaa kitupu. Mtazamaji anaalikwa apapase kwa vidole, kama asiyeona anavyosoma. Jasho na uchafu wa mikono huushika ule uzi ulioinuka, na kadiri watu wanavyoendelea kugusa, ndivyo nyuso zinavyozidi kuonekana.