Baipola huhesabiwa kwa siku, si kwa dakika

"Bosi wetu baipola kabisa, asubuhi anacheka, mchana anafoka." "Hali ya hewa ya Dar siku hizi ina baipola." Mitandaoni neno limekuwa la kila kitu kinachogeuka, na lingeishia kwa mabosi na mawingu tungelinyamazia. Linaudhi linapofika kwa mama wa watoto watatu aliyetoka kliniki ya akili wiki iliyopita, jina la ugonjwa huo likiwa kwenye kadi yake, akakuta mume, wifi na jirani wote wanajua tayari maana yake, na wote wanaijua vibaya.

Maana yenyewe ni fupi. Baipola ni ugonjwa wa akili unaokuja kwa vipindi. Katika kipindi cha kupanda, yaani mania, mtu huchangamka au huwa mkali kupita kawaida yake, hulala kidogo, huongea mbiombio, huanzisha mipango kumi kwa mpigo na kutumia pesa bila breki. Hali hiyo hudumu wiki moja au zaidi, au chini ya hapo ikiwa kali kiasi cha kulazwa. Haipomania ni kupanda huko huko kwa kiwango cha chini: siku nne mfululizo au zaidi, walio karibu wanaona kabadilika, ila kazi na nyumba bado vinakwenda. Katika kipindi cha kushuka, yaani sonona, huzuni, uchovu na kukosa hamu hutanda karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Aliyewahi kupata mania hata mara moja ni aina ya kwanza. Mwenye haipomania na sonona bila mania ni aina ya pili, ambayo si "baipola ndogo", maana wengi wao hukaa kwenye sonona muda mrefu kuliko wenzao wa aina ya kwanza.

Sasa rudi uisome tena: kila kipande cha maana hiyo kina hesabu ya siku. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Jean-Pierre Falret na Jules Baillarger, madaktari wa akili waliogombania kule Paris mwaka 1854 nani kauelezea ugonjwa huu kwanza, walikuwa wakitazama mizunguko ya siku, wiki na miezi. Daktari wa akili Emil Kraepelin wa Ujerumani, alipokusanya mania na sonona chini ya jina moja mwaka 1899, alichotumia kuutenga ugonjwa huu na mingine ni mwendo wake: unakuja, unaondoka, mgonjwa anarudi kuwa yule yule. Mjerumani mwenzake, Karl Leonhard, mwaka 1957, akawatenganisha wanaopanda na kushuka na wale wanaoshuka tu. Jina la baipola likaingia rasmi kwenye toleo la tatu la mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehesabu mtu kabadilika mara ngapi kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Anayegeuka mara tano kwa siku huenda ana sababu nyingine: kukeshea mtoto mchanga, siku za kukaribia hedhi, tezi ya shingo, pombe, mirungi, kiwewe cha zamani, au ndoa ngumu tu. Ndiyo maana anayepanda kwa mara ya kwanza hupaswa kupimwa tezi, VVU, kaswende na dawa za kulevya, na ndugu anayeishi naye kuulizwa, kabla ya kadi kuandikwa baipola. Kama hayo hayakufanyika, si utovu wa adabu kuomba rufaa kwa daktari bingwa wa akili, awe Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja au Mathari ya Nairobi.

Nyumbani, kosa hili la maana linaumiza kwa namna ambayo msemaji wa mitandaoni haioni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi la shule linapiga honi, mtoto wa kati kamwaga uji kwenye sare pekee iliyopigwa pasi. Mama anafoka. Baba, bila kuinua macho kwenye simu: "Umemeza dawa?" Hasira yenye sababu, inayopoa basi likishaondoka, ni hasira. Watoto wakilisikia swali hilo kila mama anapokemea, baada ya muda wanajifunza kwamba kukemewa kwao ni dalili ya ugonjwa, wala si jambo la kufuatwa. Mzazi kanyang'anywa sauti yake, na hakuna kidonge kitakachoirudisha.

Huku hasira za kawaida zikiitwa ugonjwa, ugonjwa wenyewe unapita mlangoni ukiwa na tabasamu. Kupanda kwa mzazi mara nyingi huanza kwa kupendeza. Anaamka saa tisa usiku, anafua mapazia, anakanda unga, na alfajiri kuna maandazi ya mtaa mzima. Anakaa na mtoto wa darasa la saba kwenye hesabu hadi usiku wa manane. Anaahidi safari ya Zanzibar. Watoto wanampenda sana akiwa hivyo, na nani atawalaumu? Siku ya nne maneno yake hayana kituo. Siku ya sita kakopa kwenye simu kwa programu tatu tofauti, na pesa za kikoba alizokabidhiwa kama mhazini zimekuwa mtaji wa viatu vya mitumba. Muda wote huo hakuna aliyesema baipola, kwa kuwa hakufoka. Akija kushuka, akashindwa kuoga na watoto wakaenda shule bila kunywa chai, napo halitajwi, ataitwa mvivu.

Kwa hiyo kipimo cha nyumbani ni usingizi, sio ukali wa sauti. Kukosa usingizi na kutohitaji usingizi ni mambo mawili. Aliyelala kwa saa tatu tu kwa sababu ya mtoto, akawa hoi kufikia adhuhuri, kachoka. Aliyelala kwa saa tatu tu usiku wa kwanza, na kwa saa tatu tu tena usiku wa pili, na bado ana nguvu za kupaka nyumba rangi, apigiwe simu kliniki siku hiyo hiyo, kabla ya ile wiki moja ya mania kutimia. Daftari la shule linatosha: mstari mmoja kwa siku, wenye saa alizolala, hali yake kuanzia kutoa tatu (kashuka sana) hadi kujumlisha tatu (kapanda sana), kama dawa imemezwa, na jambo moja lililotokea. Daktari akiliona hilo atapanga dozi vizuri kuliko kwa kuuliza "unaendeleaje?"

Lengo ni usingizi wa saa saba au nane, kulala na kuamka muda ule ule hata Jumapili. Kwenye nyumba yenye mtoto wa kunyonya maana yake ni zamu: maziwa yakamuliwe jioni, mwingine ashike nusu ya kwanza ya usiku, mzazi mgonjwa apate walau saa tano au sita zisizokatika. Mila ya arobaini, mama kukaa ndani na bibi au shangazi akimlea yeye na mtoto, inafaa hapa kuliko ushauri mwingi wa kisasa, mradi bibi achukue zamu ya usiku na asiishie kupika supu. Kwa mwanamke mwenye baipola aina ya kwanza, takriban uzazi mmoja kati ya mitano hufuatwa na kipindi kikali, kikiwemo cha kuchanganyikiwa kabisa, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mzazi asiyelala hata mtoto akilala, anayesema mambo ya ajabu kuhusu mtoto huyo, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto, na asipelekwe kuombewa kwanza.

Dawa nazo zina mitego inayowahusu wazazi hasa. Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti mwaka 1949 kuwa inatuliza mania, hufanya kazi katika upenyo mwembamba: kwa matumizi ya muda mrefu kiwango chake kwenye damu hulengwa kuwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Damu hutolewa saa kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho. Aliyemeza saa tatu usiku apimwe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi, kama ipo, isubiri. Hupimwa kila wiki hadi kiwango kitulie, kisha kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, na figo na tezi kila miezi sita. Kinachoipandisha ghafla ni vitu vya kila siku: diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya mgongo (parasetamoli haina shida hiyo), dawa za presha za kukojoza, kuharisha, jasho jingi, na kuacha chumvi ghafla kwa ushauri wa jirani. Anayetaka kufunga Ramadhani aongee na daktari wiki kadhaa kabla. Sharia imemruhusu mgonjwa kutofunga. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, akatapika, akayumba na ulimi ukawa mzito, asimeze dozi inayofuata, aende hospitali. Na chupa ikae juu kabisa ya kabati, maana vidonge vichache vya mama ni hatari kwa mtoto wa miaka mitatu.

Valproeti, dawa nyingine ya kutuliza hisia, haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba: takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, na watatu au wanne kati ya kumi hupata shida za ukuaji na kujifunza. Lakini asiiache mwenyewe kwa hofu, aulize ibadilishwe. Kabamazepini, nayo ya kundi hilo, hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, hivyo kuna wanaoshika mimba kijiti kikiwa mahali pake. Kitanzi au sindano ya miezi mitatu haviathiriki hivyo. Kabamazepini hupunguza pia nguvu za dolutegravir, dawa ya VVU, na anayetumia ARV aseme, dozi iongezwe. Na kuna kosa la zahanati: mama kaja na sonona, hakuulizwa kama aliwahi kupanda, kapewa amitriptilini, dawa ya sonona, peke yake. Kwa mwenye baipola, dawa ya sonona isiyoambatana na dawa ya kutuliza hisia inaweza kumrusha moja kwa moja kwenye mania.

Neno "amepona" nalo lina shida zake. Kipindi kikiisha mtu katulia, ugonjwa haujaondoka. Kuacha lithiamu ghafla kwa kuwa "siku hizi yuko sawa" huleta mania mpya kwa wengi ndani ya miezi michache. Ikibidi kuacha, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nne au zaidi, vizuri zaidi kwa miezi mitatu, daktari akijua.

Watoto waambiwe, kwa maneno yanayolingana na umri wao. Wa miaka mitano anatoshwa na: "Mama ana ugonjwa unaomzuia kulala na kumfanya awe na haraka sana au huzuni sana. Si wewe uliyeuleta. Dawa zinamsaidia. Ukiogopa, mwambie shangazi." Mkubwa atauliza kama atarithi. Ukweli ni kwamba kwa mwenye mzazi mmoja mgonjwa uwezekano ni kati ya watoto watano na kumi kwa kila mia. Umezidi wa watu wengine, na bado wengi hawaupati. Asikabidhiwe kazi ya kumhesabia mama vidonge. Hiyo ni ya mtu mzima, pamoja na ile karatasi ya nusu ukurasa inayoandikwa wakati mzazi katulia: dalili zake tatu za mwanzo, nani anawachukua watoto, simu ya mwalimu wa darasa, majina na dozi za dawa, kadi ya kliniki iko wapi, na nani atashika laini ya pesa za simu hadi kipindi kipite. Nakala moja kwake, moja kwa ndugu anayeaminika.

Kuhusu vitisho vya "nitakunyang'anya watoto, wewe baipola": Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2022 zote zinatazama maslahi ya mtoto kwanza. Mahakama itauliza watoto wanalelewaje. Jina la ugonjwa kwenye kadi halijibu swali hilo, ila daftari lililojazwa, kliniki zisizorukwa na ile karatasi ya nusu ukurasa vinaweza kusaidia kulijibu.

Kwa aliye karibu na mzazi wa namna hii, "umemeza dawa?" si tusi, ila ni swali la kuuliza mkiwa wawili, jioni, muda wa dozi. Katikati ya ugomvi wa sare uliza lingine, ukimvuta pembeni: "Jana na juzi umelala kwa saa ngapi?" Akikujibu saba, tafuta kitambaa ufute uji.