Alama ya Wi-Fi kujaa haimaanishi intaneti ipo

Wengi huamini kwamba alama ya Wi-Fi ikijaa kwenye laptopu, intaneti ipo. Kurasa zisipofunguka, basi laptopu ni mbovu. Imani hiyo inaeleweka, maana alama hiyo ndiyo tunayoiona kila siku.

Lakini alama ile hupima nguvu ya mawimbi kati ya laptopu na ruta tu, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Safari ya kutoka kwenye ruta kwenda nje haiihusu kabisa.

Anza na simu: izimie data, iunganishe na Wi-Fi ileile. Nayo ikikwama, usiihukumu laptopu. Angalia ruta au huduma yenyewe. Simu ikipata, tazama anwani ya IP ya laptopu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, katika mipangilio ya mtandao. Ikianza na 169.254, ujue laptopu haikupata anwani kutoka kwa ruta, ikajipangia yenyewe. Mara nyingi kuufuta mtandao huo na kuunganisha upya hutosha.

Anwani ikiwa sawa, kipimo ninachokitegemea zaidi ni hiki: fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8 (ping ni amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inajibu, na namba hiyo ni ya seva ya Google), kisha ping na jina la tovuti unayoijua. Namba ikijibu lakini ukaambiwa jina halipatikani, intaneti ipo. Kilichokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Jaribu kuweka anwani nyingine ya DNS.

Tazama pia tarehe ya laptopu. Ikiwa nyuma kwa miaka, kivinjari hukataa tovuti salama ingawa mtandao ni mzima.