Msaada wa kijamii ni nini, na unaihusu vipi afya ya mtu wa kipato cha chini?

Kibirizi, mjini Kigoma, mama ameanika dagaa na mtoto wake anachemka homa tangu usiku. Akienda zahanati, nani atawageuza dagaa, na wingu likitanda nani atawaanua? Jirani wa chanja ya pili anamwambia, "Nenda dada, hawa niachie mimi." Mtoto anatibiwa mapema, na mtaji haunyeshewi.

Huo ndio msaada wa kijamii: yale mtu anayoyapata kwa watu wake, au anayoamini atayapata akikwama. Mwanasosholojia James House, mwaka 1981, aliugawa mafungu manne: faraja, msaada wa mali na vitendo, taarifa, na maoni ya kumsaidia mtu kujitathmini. Mimi nasisitiza hilo neno "anayoamini". Anayejua kuna mlango wa kugonga usiku wa manane hubeba wasiwasi mdogo hata kabla hajaugonga.

Kule Alameda, California, Lisa Berkman na Leonard Syme walifuatilia watu wazima karibu 7,000 kwa miaka tisa. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1979 yalionyesha kuwa wasio na watu wa karibu walikufa zaidi, hata baada ya kuzingatia kipato na uvutaji sigara. Ni kweli pia kwamba ugonjwa wenyewe humtenga mtu, kwa hiyo uhusiano huu una njia mbili.

Kwa watu wa kipato cha chini kuna ugumu wa pekee: wa kukusaidia naye hana. Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi wa dagaa kwa taa unalala, na ukata unaingia kila nyumba kwa wakati mmoja. Mchezo wa upatu unasuasua, wa kukopesha anatafuta wa kumkopesha. Pesa ya vipimo haitoki kwenye upendo wa majirani, na tusiwatwike mzigo ambao ni wa bima ya afya.

Kinachobaki siku hizo ni mikono na muda: kusindikizwa hospitali ya mkoa ya Maweni, kulelewa watoto, kukumbushwa vidonge vya TB kwa miezi sita mfululizo. Mara nyingi kazi hiyo humwangukia mwanamke yuleyule, anayeitwa na mtaa mzima. Muulize yeye lini alipima presha mara ya mwisho.