Wachache na waliotawanyika si kitu kimoja

Nimeisikia tena, safari hii kwenye kikao cha kupanga huduma za mkoa. Bwana mwenye slaidi za kupendeza anasema: "Lindi ina watu 18 tu kwa kilomita ya mraba, yaani wametapakaa mno, kuwafikia ni gharama." Ukumbi mzima ukaitikia. Hesabu haina kasoro: Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,194,028, mkoa una kilomita za mraba 66,000 na ushei, gawanya. Kinachonipandisha presha ni hiyo "yaani".

Msongamano ni gawio, basi. Unakwambia ni wangapi kwa eneo gani. Wamekaaje ndani ya eneo hilo, haukwambii hata chembe. Chukua kata mbili, kila moja kilomita za mraba 100 na watu 1,000. Zote zina msongamano wa 10. Ya kwanza, watu wote wako kwenye kijiji kimoja kilichobanana kando ya barabara. Ya pili, kila kaya iko peke yake shambani, jirani yake humwoni. Kata ya kwanza unaimaliza kwa kisima kimoja kizuri na zahanati moja. Ya pili utachimba visima hadi bajeti ilie. Kwenye jedwali la mheshimiwa zinafanana kama pacha.

Halafu kuna suala la kile unachokigawia. Lindi ina wilaya ya Liwale, na sehemu kubwa ya Liwale ni hifadhi: Pori la Akiba la Selous la zamani, ambalo tangu 2019 sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo hawajibu dodoso la sensa. Ukiingiza hifadhi kwenye eneo, watu "wanapungua" bila hata mmoja kuhama.

Anayebisha namrudisha miaka ya sabini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kuishi kwenye vijiji vya pamoja litakuwa jambo la lazima, na operesheni za kuwahamishia watu huko zikapamba moto. Hoja ilikuwa kwamba watu waliotawanyika hawafikiki kwa shule, maji na zahanati. Sasa jiulize: operesheni ile ilibadili msongamano wa mikoa kwa kiasi gani? Karibu sifuri. Wengi walihamishwa kilomita chache tu, ndani ya wilaya zao. Gawio lilibaki lilelile huku maisha yakigeuka juu chini. Shule ikawa karibu, na shamba likawa mbali. Kuni zikaisha kuzunguka kijiji, mifugo ikakanyaga njia zilezile kila siku. Serikali yenyewe, kwa vitendo, ilijua kwamba tatizo ililokuwa inalishughulikia ni mtawanyiko wala si uchache. Ni sisi wa slaidi tuliosahau.

Na mtawanyiko ule haukuwa uvivu wa kupanga. Kwenye maeneo yenye mvua haba, udongo mzuri na maji hupatikana vipande vipande, na kaya hufuata vipande hivyo. Ramani ikikuonyesha vitone vimezagaa, tafuta kwanza udongo kabla ya kumlaumu mtu.

Kuna na upande wa pili ambao hauwaingii watu kabisa: wengi NA waliotawanyika. Panda Machame au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Watu tele, lakini kila kaya iko ndani ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, migomba kushoto na kulia, na huwezi kuonyesha kijiji kinaishia wapi. Bomba la maji pale lina matawi mengi kuliko mahali penye watu pungufu kwa mbali lakini waliojipanga barabarani.

Twende Marsabit, Kenya, kwa kuwa ndiko mashaka yangu mwenyewe yanakolala. Sensa ya 2019 iliandika watu 459,785, kama 6 kwa kilomita ya mraba. Hakuna anayeishi kwenye hiyo 6. Utawakuta Moyale mpakani, Marsabit mjini, Loiyangalani ziwani, kisha jangwa la Chalbi halina mtu. Ila pia sensa ilihesabu usiku wa Agosti, wakati wa kiangazi, na mfugaji huhesabiwa alipolala. Ramani ya mvua za Aprili ingekuwa nyingine. Ipi ndiyo ya kweli? Huwa nachora ile niliyo nayo, kwa kuwa ndiyo niliyo nayo.

Wanaotaka kipimo cha mtawanyiko nawapa cha Clark na Evans, wanaikolojia, cha 1954: pima umbali wa kila makazi hadi jirani wa karibu, linganisha na umbali ambao ungeupata kama makazi yangemwagwa kwa bahati nasibu. Ukipata 1, ni bahati nasibu. Ukielekea 0, wamekusanyika. Kikomo cha juu ni 2.15 hivi, kila mmoja kajitenga na mwenzake kwa mpangilio sawasawa. Safi, sivyo?

Si safi sana. Ule umbali wa bahati nasibu unakokotolewa kwa msongamano, na msongamano unataka eneo. Tumerudi palepale: ukiacha hifadhi ndani, kipimo kitasema watu wamejikusanya kwa hiari yao, kumbe wamezuiwa kuingia. Kwa hiyo hifadhi naitoa. Ziwa natoa. Chalbi? Ngamia hupita, visima vipo pembezoni. Na malisho ya msimu, ambayo kwa miezi kadhaa hayana hata boma moja? Nikiyatoa nimeshatamka kwamba ni ardhi tupu, na kuna watu wanaosubiri karatasi yenye maneno hayo ili waje na uzio. Malisho nayaacha ndani, nikijua kwamba namba inaharibika kidogo, na chini ya kila ramani naandika nilichokitoa na nilichokibakiza. Maandishi hayo ndiyo ya kwanza kufutwa slaidi inapotengenezwa.