Mwerebi wa milimani ni mmea gani?

Wasomaji wa Biblia wamekutana na mierebi kando ya vijito, na wengi wameiacha humo humo kitabuni. Mwerebi si mti mmoja. Ni jenasi nzima, Salix kwa jina la kisayansi, yenye spishi zaidi ya 300, na nyingi ziko kaskazini mwa dunia. Baadhi ni miti mirefu ya kando ya mito. Mwerebi wa milimani ni ule uliokataa kurefuka: kichaka cha kufika magotini au kiunoni, kinachoota penye baridi na ardhi tepetepe, kwenye kingo za vijito vya theluji na miteremko ya mawe inayochuruzika maji. Upo hata unaoitwa Salix herbacea, ambao shina lake hutambaa chini ya udongo na majani yake hayainuki zaidi ya sentimita chache. Ukiukanyaga utadhani ni nyasi, kumbe umekanyaga mti.

Mtu wa Makete, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, akisikia "baridi na maji" atauliza kwa nini basi vichaka hivyo havijajaa Kitulo. Swali lina haki. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda, huweza kulala juu ya majani mpaka jua lichomoze. Lakini saa nne asubuhi imeshayeyuka. Baridi yetu ni ya usiku, na kesho yake jua linawaka. Baridi ya mwerebi wa milimani ni ya msimu: miezi kadhaa mfululizo chini ya theluji, halafu kiangazi kifupi chenye mchana mrefu sana. Mmea umejipanga kwa ratiba hiyo. Hupukutisha majani, hulala, na theluji yenyewe huukinga na upepo mkavu. Ndiyo maana kimo peke yake hakielezi kitu. Mlima mrefu kuliko yote Uingereza, Ben Nevis wa Scotland, una mita 1,345. Jiji la Mbeya lenyewe liko juu zaidi, mita 1,700 hivi. Hata hivyo mierebi ya milimani iko Scotland.

Theluji ikiisha, mwerebi hauchezi na muda. Spishi nyingi huchanua kabla majani hayajafunguka vizuri au pamoja nayo. Ua lake halina petali za kuvutia. Ni kishada kilichosimama, kimefunikwa manyoya laini ya kijivu, na kikiwa cha dume baada ya siku chache hupakaa chavua ya njano kidoleni. Nyuki wa mwanzo wa msimu hukitegemea sana. Nasema "cha dume" kwa sababu mwerebi ni kama mpapai: mmea huu dume, ule jike, na jike bila dume jirani hatoi mbegu.

Hapo ndipo shida ya Scotland ilipoanzia. Kondoo na paa wakubwa wa huko wamekula vichaka hivyo kwa muda mrefu, vikabaki zaidi kwenye magenge wasikofika. Genge moja linaweza kuwa na mimea michache, na ikitokea yote ni ya jinsia moja, au dume liko mbali mno, basi kizazi kimekwama. Mbegu nazo ni vumbi lenye pamba, linaishi siku au wiki chache tu na linataka udongo mtupu wenye unyevu. Haziwezi kungoja ardhini mwaka ujao. Wahifadhi wa huko sasa hukuza miche ya spishi hizo na kuipeleka mlimani, na kuizungushia uzio.

 

Afrika nayo ina mwerebi wake wa asili, Salix mucronata, unaopatikana kando ya mito kuanzia Misri hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo. Huu ni wa mtoni, si wa theluji. Mizizi yake hushika kingo, na tawi likichomekwa kwenye tope huchipua.

Sifa hiyo ya kuchipua ovyo ndiyo inayonifanya nisishangilie wazo la kuleta mierebi ya kigeni ili kuchukua nafasi ya mikaratusi kwenye mabonde ya vinyungu, yaani bustani za bondeni. Mikaratusi bondeni ni kero ya kweli, sibishi. Lakini mwerebi nao unakunywa maji mengi, na Australia imeonja matokeo yake: mierebi iliyopelekwa huko ilivunjika matawi, yakachukuliwa na maji, yakaota chini zaidi, na baadhi ya mito ikasongwa. Leo inang'olewa kwa gharama. Kwa chanzo cha maji Njombe au Mufindi, ambako sheria inataka shughuli za binadamu zikae mita 60 mbali, miti ya mivengi inatosha. Ni ya hapa hapa, inavumilia miguu kulowa, na hakuna anayehitaji kuagiza mche wake ng'ambo.