“Tuma Hela Kwanza, Mzigo Unakuja”: Dhana Potofu Kuhusu Mikataba ya Mtandaoni

“Hatukuandikishana, kwa hiyo huna la kunidai.” Kauli hii hutoka kwa mtu ambaye ameshapokea pesa. Watu wamekwishazoea kuona mkataba ni karatasi yenye mhuri, na WhatsApp ni soga tu. Sivyo. Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeupa ujumbe wa simu hadhi ya maandishi. Upande wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ni hivyo hivyo. Aya ya deni katika Qur'ani, 2:282, imeagiza kuandika, lakini wanazuoni wengi wameichukua kuwa ni nasaha ya kulinda haki. Mauziano hayabatiliki kwa kukosa kalamu.

Wapo wanaosema sharia inataka muuzaji na mnunuzi wawe wameketi pamoja, ndiyo maana fiqhi ikazungumzia “kikao cha mkataba”. Kikao kweli kipo, ila mafaqihi wa kale walikuwa wakijadili mauziano ya barua karne nyingi kabla ya simu. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao Jeddah lilipitisha azimio juu ya jambo hili hasa. Anayeandikiana na asiye mbele yake, iwe kwa teleksi, faksi au kompyuta, mkataba wake hufungika pale ijabu, yaani pendekezo lake, inapomfikia mwenzake naye akaikubali. Wanaozungumza moja kwa moja kwa simu huhesabiwa kama waliokaa pamoja.

Hapo ndipo tofauti ya kweli inapoanza. Kwa Mashafi'i, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi'i ambao ndio wengi wa Waislamu wa pwani yetu, kila mmoja ana khiari ya kikao: anaweza kurudi nyuma maadamu hawajaachana. Kwa hiyo ukisema “nimekubali” kisha ukaghairi kabla simu haijakatwa, hujavunja neno. Madhehebu ya Mahanafi na Wamaliki hayaitambui khiari hiyo. Sheria ya Kiingereza tuliyoachiwa na ukoloni nayo haina kitu kama hicho: kubali, yaani jibu la kukubali, likishamfikia mwenzako, umefungwa. Mwaka 1955, katika kesi ya Entores, mahakama ya London iliamua kwamba kubali lililotumwa kwa teleksi kutoka Amsterdam lilikamilika London, lilikopokelewa.

“Bei umeiweka mwenyewe, lazima uniuzie!” Hapana. Picha yenye bei huhesabiwa kuwa ni mwaliko, na anayetoa pendekezo ni mnunuzi anapoagiza. Hilo liliamuliwa Uingereza mwaka 1953 kuhusu dawa zilizopangwa kwenye rafu za duka la Boots. Singapore kulitokea kisa kitamu zaidi. Duka la mtandaoni lilikosea likaandika printa ya dola 3,854 kwa dola 66, na watu sita wakaagiza zaidi ya printa 1,600. Mashine ya duka ilijibu yenyewe kuthibitisha oda, lakini mwaka 2004 mahakama ikasema wanunuzi walijua fika kuwa ni kosa, hivyo hakukuwa na mkataba. Kwa Mashafi'i pia mnunuzi anaweza kutangulia: akisema “niuzie”, muuzaji akajibu “nimekuuzia”, biashara imekwisha.

Na yule anayekutumia picha ya kanga na kuandika “ukikaa kimya nahesabu umechukua”? Anajisumbua. Waingereza walilikataa hilo mwaka 1862 katika kesi ya farasi, Felthouse na Bindley, na Mashafi'i wana kanuni yao kongwe: aliyenyamaza hanasibishwi na kauli, yaani hahesabiwi kuwa amesema.

Dhana nzito kuliko zote ni kwamba kwa Muislamu tatizo la biashara ya mtandaoni ni mtandao. Tatizo mara nyingi ni mzigo wenyewe. Chukua muuzaji anayebandika picha za viatu vilivyoko Guangzhou, akakusanya pesa, ndipo akaenda kununua. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania hazina neno. Kitu kitakachopatikana baadaye kinauzika. Fiqhi inamkumbusha muuzaji huyo hadithi ya sahaba Hakim bin Hizam: usiuze usichonacho. Mlango haujafungwa, lakini achague wa kupitia. Anaweza kuwa wakala wa mnunuzi kwa ujira unaojulikana. Anaweza kufanya salam: bidhaa ya sifa na kipimo maalumu, siku ya kukabidhi ijulikane, na bei yote ilipwe hapo hapo. Hiyo “lipa nusu, nusu mzigo ukifika” tuliyoizoea haiwi salam kwa Mashafi'i. Au apokee ahadi tu, na auze mzigo ukishakuwa mkononi mwake.

Bangili za dhahabu za Dubai ndizo zinazowatia wengi makosani. Dhahabu kwa pesa, kwa rai ya wanazuoni wengi, ni mkono kwa mkono, na azimio la Jeddah liliitoa biashara ya namna hiyo nje ya ruhusa yake ya jumla, pamoja na ndoa, kwa kuwa ndoa ina sharti la mashahidi. Kulipa leo kwa simu na kupokea bangili Alhamisi si sawa na kununua kanga.

Mwisho, “sisi sote Waislamu, tutaenda kwa kadhi.” Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 170, imempa kadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa viatu vya mtandaoni utakwenda kwa hakimu wa kawaida, na hakimu huyo hatakuuliza khiari ya kikao. Unaitaka nafasi ya kurudisha? Fiqhi ya Kishafi'i inaruhusu sharti la khiari la hadi siku tatu. Liandike ndani ya ujumbe kabla ya kutuma pesa, muuzaji ajibu “sawa”, nawe uhifadhi skrinishoti. Sharti hilo litamfunga mbele ya hakimu pia.